Jinsi ya Kuwa Bingwa wa Minyoo ya Bahari Bila Kutoka Bunia

Umepangiwa sura ya anelida, yaani minyoo wenye pingili. Mtihani ni wiki ijayo, au jambo zito zaidi, wewe ndiye mwalimu na darasa zima litakukodolea macho. Silabasi uliyonunua imenakiliwa mara nyingi hadi mchoro wa mnyoo umegeuka doa jeusi, na chini yake majina ya Kilatini yamejipanga ukurasa mzima. Bahari hujawahi kuiona. Sogea karibu, ndugu yangu, nikupe njia za mkato. Nimekuchagulia zile zinazofika.

Na tusifichane: hutaki kufaulu tu, unataka kung'ara. Unataka Prof avue miwani na kuuliza jina lako. Hakuna ubaya. Tamaa hiyo imewafikisha wengi maktaba, basi tuitumie.

Hatua ya 1: Tangulia kutaja umbali

Usingoje mtu akuambie kwamba Bunia haina bahari. Sema wewe kwanza, na useme kwa namba. Kongo ina pwani yake, kama kilomita 40 hivi za Atlantiki kule Muanda na Banana, lakini kwa mstari ulionyooka iko zaidi ya kilomita 2,000 kutoka hapa. Mombasa iko kama 1,200. Bahari ya Hindi, ambayo si yetu, iko karibu nasi kuliko ile yenye bendera yetu. Ukianza hivyo, watu watajua umefungua ramani.

Kisha tulia. Karibu kila aliyemo chumbani ana hali kama yako. Hata waliowahi kuogelea Nyali au Bagamoyo wamepita juu ya minyoo hawa bila kuwaona. Atakayeng'ara ni anayejua pa kutazama, na hilo unaweza kujifunza ukiwa hapa mtaani Mudzi-Pela.

Hatua ya 2: Acha majina, shika mrija

Wenzako wataanza kukariri majina kutoka juu kwenda chini. Waache. Wewe jiulize swali moja: mrija umetengenezwa kwa kitu gani? Mnyoo mwenyewe hujificha, tena haraka, lakini mrija haukimbii, na mara nyingi unatosha kukupeleka kwenye familia.

Mrija mgumu, mweupe, wa chokaa, umeganda juu ya jiwe, ganda au chuma: sema Serpulidae bila kusita. Wadogo wao kabisa, Spirorbinae, hujiviringa na kuwa kizingo cheupe chenye upana wa milimita chache juu ya mwani. Chokaa hutoka kwenye tezi zilizo chini ya ukosi wa mnyoo, na ukosi huo hukunjwa juu ya ukingo wa mrija kuunda pete mpya juu ya ile ya zamani. Ndiyo maana mirija mingi ina mikunjo ya mviringo, alama za mahali ujenzi uliposimama na kuendelea.

Mrija laini, unaokunjika, wa ute uliochanganyika na tope au mchanga mwembamba: anza na Sabellidae. Hao ndio wenye shada kubwa la manyoya mbele.

Mchanga uliogandishwa punje kwa punje mpaka ukawa mgumu kama jiwe la kawaida, mirija ikibanana mamia kwa mamia: Sabellariidae. Hawa hujenga miamba mizima ufukweni. Gundi yao ni protini inayoshika ndani ya maji ya chumvi, jambo ambalo gundi nyingi za dukani haziwezi, na ndiyo maana wahandisi wa Chuo Kikuu cha Utah nchini Marekani wameichunguza kwa matumaini ya kuunganishia mifupa iliyovunjika.

Ukionyeshwa mrija wenye umbo la karatasi ile wanayofungia karanga sokoni, mpana juu na mwembamba chini, hiyo ni Pectinariidae. Usiiache ipite hivi hivi. Chukua kioo cha kukuzia uone: ukuta una unene wa punje moja tu ya mchanga. Mnyoo amechagua kila punje kwa ukubwa wake, akaigeuza mpaka ikaingia kwenye nafasi yake, akaigandisha. Ncha zote mbili, ya juu na ya chini, ziko wazi. Anaishi kichwa chini ndani ya mchanga, akichimba kwa nywele ngumu za rangi ya dhahabu zilizopangwa kama meno mbele ya kichwa, na akihama anauchukua mrija wake. Ukilieleza hili polepole, chumba kitanyamaza.

Wako pia Chaetopteridae, wenye mrija unaofanana na ngozi kavu. Chaetopterus mwenyewe huzika mrija wenye umbo la herufi U, ncha mbili zikitokeza juu ya mchanga. Ndani, pingili ya 14, ya 15 na ya 16 zimegeuka mapezi matatu yanayosukuma maji bila kupumzika. Anatandaza mfuko wa ute, maji yanapita, chakula kinanasa, halafu anaufinyanga mfuko wote kuwa kidonge na kuumeza. Gizani anatoa mwanga wa buluu. Anaishi ndani ya mrija usiopitisha nuru na bado anawaka, na wataalamu wanaendelea kubishana ni kwa faida gani. Hapo unaruhusiwa kubishana nao.

Hatua ya 3: Tazama mbele, usihangaike na mkia

Ukishashika mrija, nenda kichwani. Mwili wa mnyoo wa mrijani ni ule ule wa anelida yeyote: prostomio mbele kabisa, peristomio yenye mdomo, kisha pingili zinazofuatana hadi kipande cha mwisho chenye njia ya haja. Wengi wana kifua na tumbo vinavyotofautiana. Yote hayo utayaeleza kwa sentensi mbili, na hakuna atakayekudai ya tatu. Wanaotoa alama hutazama mbele.

Ukiona shada la manyoya lililopangwa kwa mviringo, uko kati ya Sabellidae na Serpulidae. Sasa tafuta kifuniko. Serpulidae wengi wana unyoya mmoja uliogeuka kuwa kizibo. Mnyoo akirudi ndani, kizibo kinafunga mlango. Sabellidae hawana. Ukiona badala ya shada nyuzi ndefu nyembamba zilizotapakaa juu ya mchanga pande zote, hao ni Terebellidae: nyuzi hizo zina mfereji wa vinyweleo unaokokota chembe za chakula hadi mdomoni. Ukiona taya, simama. Tutarudi kwenye taya.

Lipe shada muda wako, kwa sababu hapa ndipo unapoweza kumshangaza hata aliyefundisha somo hili kwa miaka. Kila unyoya una matawi madogo pande mbili, na kila tawi lina vinyweleo vinavyopiga maji. Chembe zinazonaswa hushuka kwa mfereji hadi chini ya unyoya, na mfereji huo una ngazi za upana. Chembe kubwa hazipiti, hutupwa nje. Ndogo kabisa huteremka hadi chini na kuliwa. Za kati hazitupwi wala haziliwi: zinawekwa kwenye vifuko viwili karibu na mdomo, zinachanganywa na ute, na kupakwa kwenye ukingo wa mrija. Mnyoo anakula na kujenga kwa mkono mmoja, bila macho ya kupima wala mkono wenyewe. Mtafiti Nicol alilieleza hili kwa Sabella mwaka 1930 na bado linasimama.

Ukiulizwa kwa nini shada linatoweka kabla kidole hakijalifikia, jibu kwamba wengi wao wana neva nene sana zinazopita mwili mzima. Kadiri uzi wa neva unavyokuwa mnene ndivyo ujumbe unavyokimbia, na misuli yote ya mwili inajikunja kwa pamoja. Taja Myxicola hapo, mmoja wa Sabellidae. Neva yake ni kubwa kiasi kwamba wanafiziolojia wameitumia kwa majaribio.

Hatua ya 4: Uliza swali la choo kabla hujaulizwa

Siri hii usimpe mpinzani wako. Inua mkono, uliza kwa adabu: "Prof, kama mrija umefungwa upande wa nyuma, na njia ya haja iko nyuma, uchafu unatokea wapi?"

Watacheka. Waache wacheke, kisha jibu mwenyewe. Sabellidae na Serpulidae wana mfereji wenye vinyweleo unaoanzia kwenye njia ya haja. Unapanda katikati ya tumbo, upande wa chini wa mwili. Ukifika mpaka wa tumbo na kifua, unapinda na kuhamia upande wa mgongo, ukaendelea hadi mlangoni. Vinyweleo vinasukuma vidonge vya choo njia nzima mpaka nje, ambako mkondo wa maji wa shada unavichukua.

Usinyamaze hapo. Ongeza kwamba kwenye mpaka ule ule kuna jambo lingine. Katika kifua, nywele ngumu ziko juu na vikulabu vidogo viko chini. Katika tumbo vimebadilishana: vikulabu juu, nywele chini. Mfereji umehama na silaha zimehama, mahali pamoja. Ukipewa mnyoo aliyekatika vipande, mpaka huo ndio utakaokuambia kipande kipi ni cha mbele na kipi cha nyuma. Chora mstari mmoja ubaoni, weka alama, keti. Somo limekwisha na ni wewe uliyelimaliza.

Hatua ya 5: Fanya mazoezi kwa nyungunyungu

Sasa unataka kitu cha kushika mkononi. Nenda chini ya migomba asubuhi baada ya mvua. Mchukue nyungunyungu mkubwa, mweke juu ya karatasi kavu, inamisha sikio. Utasikia mkwaruzo. Hizo ni nywele ngumu zake. Mpitishe kidole kutoka mkiani kwenda kichwani kisha kinyume chake, utazihisi zinakwama kidoleni. Halafu tafuta mwingine aliyetoa nusu ya mwili shimoni usiku, jaribu kumvuta. Atakatika kabla hajatoka, kwa sababu amezikita nywele zake kwenye ukuta wa shimo.

Mnyoo wa mrijani anafanya hivyo hivyo kwa vikulabu vyake. Samaki akimdaka shada, mwili unabaki umeng'ang'ania ndani, na shada huota tena. Umeshafanya jaribio la bahari, na mto Shari ndio maji makubwa uliyoyaona siku hiyo.

Na hii haikuwa mbinu ya kudanganyia. Katika karne ya 19 wanazoolojia waliwagawa poliketa, yaani minyoo hawa wa bahari, mafungu mawili: Errantia, wanaotembea huku na huku, na Sedentaria, wanaokaa mahali pamoja. Mgawanyo huo ulitawala vitabu, kisha ukaachwa. Kristian Fauchald, katika kitabu chake cha 1977 ambacho kila mtaalamu alikitumia, aliwapanga kwa oda nyingi badala ya mafungu hayo. Halafu mwaka 2011 Torsten Struck na wenzake wakalinganisha jeni nyingi kwa pamoja, wakachapisha matokeo katika jarida la Nature: mafungu mawili yamerudi, ila kwa mipaka mipya. Na nyungunyungu? Yumo ndani ya Sedentaria, pamoja na ruba. Mnyoo wako wa chini ya mgomba ni ndugu wa wale wenye mashada ya manyoya wa Bahari ya Hindi, wa karibu kuliko walivyo nao minyoo wengi wanaotambaa baharini.

Mwalimu wa sekondari anayelalamika kwamba hana sampuli ya poliketa anakanyaga ndugu zao kila siku akienda darasani. Hilo linaniuma, kwa sababu watoto wa Ituri wana macho na wana udongo, na bado tunawapa doa jeusi la fotokopi.

Hatua ya 6: Soma vitabu vya zamani, na uvitumie mbele za watu

Hapa Bunia una silaha ambayo wengi wa Nairobi na Dar hawana: umesoma kwa Kifaransa. Pierre Fauvel aliandika juzuu mbili katika mfululizo wa Faune de France, ya 1923 kwa wanaotembea na ya 1927 kwa wanaokaa. Michoro yake ni safi, maelezo ni mafupi, na kanuni za kutambulisha zinakwenda hatua kwa hatua. Kwa upande wetu wa Afrika yuko John Day, aliyetoa mwaka 1967 kitabu kikubwa cha poliketa wa kusini mwa Afrika, nacho ni sehemu mbili kwa mgawanyo huo huo wa kale. Na kwa pwani ya Waswahili yenyewe, Cyril Crossland alikusanya Zanzibar na Kenya ya leo mwaka 1901 na 1902, akachapisha miaka iliyofuata. Taja majina haya matatu kwa mpangilio wa miaka. Utaonekana umeyalalia miezi.

Lakini uwe mwangalifu na Fauvel. Wataalamu wa wakati wake walikuwa tayari kuamini kwamba spishi moja yaweza kuenea bahari zote, hivyo jina la mnyoo wa Ulaya lilibandikwa juu ya mnyoo wa Madagaska au wa India bila shida. Mengi ya majina hayo yamebomolewa tangu hapo. Mtego unaowanasa wengi ni huu: ukionyeshwa picha ya ule mnyoo mzuri wenye mashada mawili ya mzunguko, mekundu au ya buluu au ya manjano, amezama ndani ya tumbawe hai la Porites huko Zanzibar, mwenzako atasema haraka Spirobranchus giganteus. Jina hilo lilitumika zamani kwa dunia nzima. Siku hizi ni la Karibi. Wa kwetu, wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, wako katika kundi la Spirobranchus corniculatus. Mrekebishe taratibu, kwa tabasamu. Utakuwa umeshinda bila kumvunja mtu.

Hatua ya 7: Shindwa kwa heshima

Siku itafika utawekewa sampuli usiyoijua. Usibuni. Zoolojia imeshatengeneza milango ya kutokea, na waliobobea wanaitumia kila siku. Ukifika kwenye jenasi ukakwama, andika jenasi kisha "sp." Ukidhani ni spishi fulani lakini huna hakika, weka "cf." katikati. Ukiishia kwenye familia, andika familia, simama hapo. Jibu la "Sabellidae" lililo sahihi lina thamani kuliko jina refu la spishi lililokosewa, na mtahini mwenye akili anajua hivyo.

Kama atakubeza, msimulie habari ya Pogonophora. Meli ya Waholanzi iitwayo Siboga ilizunguka bahari za Indonesia mwaka 1899 na 1900 na kurudi na nyuzi nyembamba zilizokuwa ndani ya mirija. Mtaalamu Caullery alizieleza mwaka 1914. Hazikuwa na mdomo wala utumbo. Hakuna aliyejua pa kuziweka. Baadaye zikapewa faila yao peke yao, na kwa miaka mingi wakubwa wa fani waliziweka jirani na ukoo wa wanyama wenye uti wa mgongo. Sababu? Walikuwa na wanyama waliokatika. Kila mara mtego ulipopandishwa, kipande cha nyuma kilibaki chini kwenye tope. Mwaka 1964 kipande hicho kilipoelezwa, kilikuwa na pingili na nywele ngumu, kama anelida.

Kisha mwaka 1977 nyambizi ndogo Alvin ikashuka karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi, ikakuta vichaka vya minyoo wenye mirija myeupe yenye ncha nyekundu, baadhi yao wakiwa warefu kuliko mtu mzima. Meredith Jones aliwapa jina la Riftia pachyptila mwaka 1981, na mwaka 1985 akawapa faila yao. Nao hawana mdomo wala utumbo wakikomaa. Ndani ya mwili wana kiungo kinachoitwa trofosoma, kimejaa bakteria. Hemoglobini ya mnyoo inabeba oksijeni na salfidi kwa pamoja, kemikali mbili zinazochukiana, na kuzifikisha kwa bakteria hao, ambao ndio wanaopika chakula cha wote wawili. Mrija wake wa kitini unaweza kuongezeka zaidi ya sentimita 85 kwa mwaka. Jamaa yake Lamellibrachia wa Ghuba ya Meksiko, anayeishi mahali baridi ambapo salfidi inatoka kidogo kidogo, anahitaji karibu karne mbili kufikia mita mbili.

Mwaka 1997 tafiti za molekuli na za maumbo zikawarudisha wote nyumbani. Faila mbili zikawa familia moja, Siboglinidae, ndani ya anelida. Watu waliokuwa na meli na maabara walikosea karibu nusu karne kwa kukosa mkia. Wewe uliyekosa bahari, andika "sp." ulale usingizi.

Hatua ya 8: Wakamate wadanganyifu

Sasa zile taya nilizokuahidi. Diopatra anaishi ndani ya mrija, tena mrija mzuri ajabu, wenye vipande vya magamba na majani vilivyobandikwa kwenye sehemu inayotokeza juu ya mchanga. Ukifuata mrija tu utamweka Sedentaria. Ana taya, anatoka kuwinda, na ni wa Errantia. Kwa hiyo kuishi mrijani ni kazi, si ukoo. Koo nyingi zimejifunza kazi hiyo kila moja kwa njia yake, na nadhani hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sura nzima. Mwanafunzi akilishika hili na kusahau majina yote, mpe alama.

Wengine si anelida kabisa. Phoronida wana mirija na shada la mbele lakini ni faila nyingine. Konokono wa Vermetidae hujenga mirija ya chokaa inayojipinda hovyo juu ya mwamba, na wamewadanganya wengi. Chungulia ndani: mrija wa konokono unang'aa, wa Serpulidae umefifia. Matone ya siki hayatakusaidia hapa, yote miwili itatoa mapovu, kwa kuwa yote ni chokaa.

Wadanganyifu wa kwetu ni rahisi zaidi, na watakufaa darasani. Geuza mawe ya kijito chenye maji safi. Ukikuta kimrija cha mawe madogo na ndani yake kiumbe, hesabu miguu. Sita? Hiyo ni lava ya mdudu wa Trichoptera, anayeshona vijiwe kwa hariri. Kwaruza tope la chini ya pipa la maji ya mvua lililosahaulika. Vile vibuu vyekundu vilivyojifunika vimrija vya tope ni vya visubi wasiouma. Wekundu wao ni hemoglobini, inayowasaidia kuishi pasipo na oksijeni ya kutosha. Weka vyote viwili kwenye bakuli jeupe karibu na nyungunyungu na uwaambie wanafunzi watafute nani ni ndugu wa mnyoo wa bahari. Mirija itawavuta kwa wadudu. Nywele ngumu na pingili ndizo zitakazowarudisha kwa nyungunyungu asiye na mrija.

Hatua ya 9: Pata kimoja cha kweli

Wafanyabiashara wa Bunia wana jamaa na mawakala Mombasa na Dar es Salaam. Sehemu kubwa ya bidhaa zinazotufikia kupitia Uganda hushushwa bandari hizo. Zimekuja kwa meli, na sehemu ya meli iliyozama majini ikikaa bila kusafishwa huota mirija ya Serpulidae. Hydroides elegans ni bingwa wa hilo katika bandari za joto. Lava yake hufuata utando wa bakteria uliotangulia kwenye chuma, inatua, na bila kuchelewa inaanza kujijengea chokaa. Mirija ikiwa mingi meli inakuwa nzito kusukumwa na mafuta yanaliwa zaidi.

Basi mtu wako akienda huko, mwagize. Usimwombe tumbawe: kulivusha mpaka bila kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ni kosa, na tumbawe lina kazi zaidi likibaki baharini. Mwombe ganda la chaza aliyekwisha kuliwa, lile ambalo muuzaji angelitupa, lenye mistari myeupe iliyojinyonganyonga juu yake. Anaweza kulitia mfukoni.

Likifika, usilioshe kwa siki. Lichunguze kwa kioo cha kukuzia, tafuta ukingo wa mlango na pete za ujenzi, angalia kama ndani kumefifia. Liweke kwenye kabati la shule, mahali ambapo mtoto anaweza kuomba kulishika. Na kabla ya yote hayo, mpigie simu aliyelileta, umuulize ufuo gani na tarehe gani, uandike kwenye kipande cha karatasi kitakachokaa na ganda hilo daima. Andika kwa penseli. Siku utakapohifadhi sampuli ndani ya spiriti utaona kwa nini: wino wa kalamu huyeyuka humo, risasi ya penseli haiyeyuki.